Bwana Makuba na Jamaa Zake: Majibu ya Maswali Yenu Kuhusu Theodore Roosevelt

Katika toleo lililopita tuligusia kwa mistari michache tu safari ya Theodore Roosevelt, rais wa 26 wa Marekani, aliyeshuka Mombasa tarehe 21 Aprili 1909 kisha akapanda gari la moshi kuja bara. Barua zilizofuata zimetuonyesha kwamba wasomaji walitaka mengi kuliko tulivyowapa, na kwamba mengi yanayosimuliwa juu yake yamechanganywa na ya watu wengine. Basi safu yote ya toleo hili tumempa yeye na watu wa nyumbani kwake. Barua ndefu tumezifupisha.

Mtoto wangu ameandika kwamba Roosevelt aliyekuja kuwinda huku kwetu ndiye aliyeongoza Marekani katika Vita Vikuu vya Pili akiwa kwenye kiti cha magurudumu. Mwalimu amemtia kosa. Nani yuko sahihi? — Mzazi, Umoja

Mwalimu yuko sahihi, lakini usimgombeze mtoto, maana kosa hili ni la wengi. Marais hao ni wawili. Theodore alizaliwa New York tarehe 27 Oktoba 1858 na kutawala kuanzia 1901 hadi 1909. Franklin alizaliwa 1882, akapooza miguu mwaka 1921, na akatawala kuanzia 1933 hadi alipofariki 1945. Walikuwa binamu wa mbali, ukoo wao ukikutana vizazi sita nyuma. Tena hawakuwa chama kimoja: Theodore alikuwa Republican, Franklin alikuwa Democrat.

Kilichowaleta karibu ni ndoa. Theodore alikuwa na mdogo wake, Elliott, aliyefariki 1894 na kuacha binti aitwaye Eleanor. Franklin alipomwoa Eleanor tarehe 17 Machi 1905, aliyemshika bibi harusi mkono na kumkabidhi kwa mumewe ni baba yake mkubwa, Theodore, aliyekuwa rais wakati huo. Tarehe yenyewe ilimfaa: siku hiyo alikuwa New York kwa gwaride la Mtakatifu Patrick. Ndiyo maana Eleanor hakuhitaji kubadili jina la ukoo. Alizaliwa Roosevelt na akaolewa na Roosevelt.

Mfundishe mtoto kuwatofautisha kwa picha, lakini asitegemee miwani. Wote wawili walivaa miwani ile ya kubana puani isiyo na mikono. Aangalie masharubu: Theodore anayo, Franklin hana.

Alikuja kama rais? Na gharama ililipwa na nani? — Karani, Barabara ya Viwanda

Hapana. Aliondoka madarakani tarehe 4 Machi 1909, akimwachia William Howard Taft, na tarehe 23 mwezi huohuo alikuwa melini akitoka bandari ya Hoboken. Siku 19 tu. Huko Naples alihamia meli ya Kijerumani, Admiral, iliyomleta Mombasa.

Gharama ilikuwa na mafungu mawili. Kazi ya wanasayansi watatu, Edgar Mearns, Edmund Heller na John Alden Loring, ilikuwa chini ya taasisi ya Smithsonian ya Washington, iliyokusanya fedha kutoka kwa wafadhili binafsi, Andrew Carnegie akiwa mmojawao. Roosevelt alijilipia yeye na mwanawe Kermit, na njia yake ya kupata fedha ilikuwa kalamu: jarida la Scribner's lilimlipa dola 50,000 kwa mfululizo wa makala, naye aliziandika kambini kwa mkono wake, jioni baada ya kuwinda.

Kuhusu gari la moshi, wengi mmeuliza kama kweli alikaa nje. Ndiyo. Injini za reli ya Uganda zilikuwa na kikingio cha chuma mbele, kilichoinamia reli ili kusukuma wanyama pembeni. Juu yake paliwekwa benchi, na hapo ndipo alipokaa sehemu kubwa ya mchana pamoja na kaimu gavana, Frederick Jackson, akiacha tu kwa chakula na giza lilipoingia. Hakufika Nairobi moja kwa moja. Alishuka Kapiti, ambako wapagazi na mahema yalikuwa yakimngoja.

Nimesoma mahali kwamba wapagazi walimwita "Bwana Tumbo". Mahali pengine ni "Bwana Makuba". "Makuba" ni Kiswahili gani? — Mwalimu wa Kiswahili, Kariobangi

Tunashukuru kwa swali hili, kwa sababu jibu lake liko kwenye sikio la mwandishi. "Bwana Tumbo" lilipendwa na magazeti ya Marekani. Roosevelt mwenyewe aliandika kwamba aliitwa "Bwana Makuba", akalifasiri kuwa bwana mkuu. Mwanawe Kermit, kijana wa miaka 19, aliitwa "Bwana Merodadi".

Sema maneno hayo kwa sauti, mwalimu, utayatambua mara moja. "Merodadi" ni maridadi. "Makuba" ni mkubwa. Mzungumzaji wa Kiingereza husumbuliwa na m inayosimama peke yake kama silabi; huitafutia irabu ya kuiegemeza, na "m-" ikageuka "ma-". Kisha "-bwa" nayo ikapoteza w. Kwa hiyo haikuwa lahaja ya bara wala neno lililopotea. Ni Kiswahili cha kawaida kilichoandikwa na mtu aliyekiandika alivyokisikia.

Kuna jambo moja ambalo hakulitilia uzito. "Bwana mkubwa" halikuwa jina alilobuniwa yeye. Wakati huo aliitwa hivyo mkuu yeyote, awe afisa wa serikali au kiongozi wa msafara. "Bwana Maridadi" ndilo jina lililotoka katika kumtazama mtu.

Neno jingine alilolishughulikia vizuri ni "safari". Aliwaeleza wasomaji wake kwamba kwetu neno hilo hubeba maana mbili: mwendo wenyewe na pia msafara wa watu na mizigo unaokwenda. Maana ya pili imefifia katika matumizi ya leo, nasi tunadhani inafaa kukumbukwa.

Mliandika kwamba msafara ulibeba tani 4 za chumvi. Sisi tunaofanya kazi ya ngozi tumebishana: chumvi yote hiyo ya nini? — Fundi wa ngozi, Kariokor

Ya ngozi, fundi, na ilikuwa chumvi laini, si ya mawe. Makumbusho ya Washington yalitaka mnyama mzima ambaye angeweza kusimamishwa tena, kwa hiyo kila ngozi ilipaswa kuvuka bahari bila kunyonyoka unywele. Kazi ya wanyama wakubwa ilikuwa mikononi mwa Heller.

Utaratibu wa kazi hiyo unaujua kwa sehemu. Mnyama anapimwa kabla ya kisu kumgusa, kwa sababu baada ya kuchunwa hakuna anayeweza kusema bega lilikuwa juu kiasi gani. Anachunwa upesi, maana katika joto la tambarare za Kapiti saa chache zinatosha kuiharibu ngozi. Nyama na mafuta vinakwanguliwa vyote, kwa maana chumvi haipenyi mafuta. Kisha inapakwa chumvi upande wa ndani, mikunjo yote, inakunjwa na kuachwa usiku kucha itoe maji. Asubuhi inakung'utwa, inapakwa chumvi mpya, halafu inaanikwa kivulini penye upepo. Jua kali na moto ni adui: huifanya ngozi iungue kama gundi, na ikishakuwa hivyo haitalainika tena hata ikilowekwa. Makadirio ya kawaida ya kazi hii ni kilo moja ya chumvi kwa kila kilo ya ngozi mbichi.

Sehemu zinazoharibika kwanza ni masikio, midomo na kope. Sikio lazima ligeuzwe ndani nje hadi ncha, na mdomo upasuliwe kwa ndani; fundi akifanya uvivu hapo, baada ya siku mbili unashika sikio na manyoya yanabaki mkononi. Chumvi ya mawe huacha mapengo kati ya chembe na chembe, na kwenye pengo ndiko uozo unakoanzia. Ndovu na kifaru wana shida yao: ngozi ni nene mno, hivyo inapunguzwa kwa kisu kutoka ndani, kidogo kidogo, hadi chumvi iweze kufika upande wa pili. Hiyo ni kazi ya watu wengi kwa wakati mmoja, na visu hunolewa bila kukoma.

Sasa piga hesabu. Mzigo wa mpagazi mmoja ulikuwa paundi 60, yaani kilo 27 hivi. Tani 4 za Kimarekani ni zaidi ya kilo 3,600. Gawanya, utapata mizigo zaidi ya 130 ya chumvi peke yake, katika msafara wenye wapagazi 200 na ushee ambao walibeba pia mahema, vyakula, risasi, mitego kwa mamia, na ngozi zenyewe wakati wa kurudi. Wanaohesabu risasi za Roosevelt na kusahau mabega hayo wanasimulia nusu ya habari. Wewe uliye Kariokor unalijua hilo kuliko wengi, maana jina la soko lenu lilitokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa Vita Vikuu vya Kwanza.

Waliua wanyama wangapi hasa? Na mtu aliyesifiwa kwa kuhifadhi misitu aliua wengi hivyo kwa nini? — Mwanafunzi, Kenyatta

Kwa hesabu yake mwenyewe, yeye aliua 296 na Kermit 216, jumla 512. Simba walikuwa 17, tisa wa baba na wanane wa mwana. Ndovu walikuwa 11, wanane na watatu. Ukiongeza panya, popo, ndege na wadudu walionaswa na wanasayansi, idadi inapita 11,000.

Jibu la "kwa nini" linaanzia utotoni mwake. Alikuwa mtoto wa pumu, hapumui vizuri usiku, na wanyama ndio waliomshughulisha. Siku moja alimwona sili amelazwa kwenye kibao cha soko la Broadway, New York. Alirudi na rula ya kukunja akampima, kisha akafanikiwa kupata fuvu lake. Kwa fuvu hilo yeye na binamu zake wawili walianzisha makumbusho yao chumbani. Baba yake, aliyeitwa pia Theodore, alikuwa mmoja wa waasisi wa makumbusho ya viumbe ya New York mwaka 1869, na mkataba wa kuyaanzisha ulipitishwa sebuleni kwao. Kijana naye alichangia: popo mmoja, panya 12, kasa mmoja, fuvu la kindi mwekundu na mayai manne ya ndege. Orodha hiyo imo katika kumbukumbu za mwanzo za makumbusho. Alijifunza kukausha ndege kwa John Bell, fundi aliyewahi kusafiri na mchoraji Audubon.

Tena, 1909 haikuwa mara yake ya kwanza Afrika. Majira ya baridi ya 1872 hadi 1873, akiwa na miaka 14, familia nzima ilipanda mashua Misri na kukwea mto Nile, naye akikusanya ndege kila siku. Miaka 37 baadaye alishuka mto huohuo kutoka juu, akamaliza safari Khartoum tarehe 14 Machi 1910, ambako mkewe Edith na binti yao Ethel walikuja kumpokea.

Kwa watu wa sayansi wa zama zake, kiumbe ambaye ngozi na fuvu lake havikuwa makumbushoni hakuwa amejulikana. Sababu hiyo tunaikubali. Hatuikubali kwa kila mnyama. Januari 1910, katika eneo la Lado ukingoni mwa Nile, baba na mwana waliua vifaru weupe wa kaskazini tisa, watano na wanne, ilhali yeye mwenyewe alijua kwamba vifaru hao walikuwa wachache. Leo jamii hiyo imebakiwa na majike wawili duniani kote, Najin na Fatu, na wako Ol Pejeta karibu na Nanyuki. Dume la mwisho, Sudan, lilikufa hapohapo tarehe 19 Machi 2018. Roosevelt hakuwamaliza, majangili wa miaka ya baadaye ndio waliowamaliza. Lakini tisa ni wengi.

Ni kweli alikuwa haoni jicho moja? — Bondia, Kaloleni

Kweli, na alilipoteza ulingoni. Alipenda ndondi tangu ujana na aliendelea nazo akiwa rais, ndani ya Ikulu. Kapteni mmoja kijana wa mizinga alimpiga ngumi jichoni, mishipa midogo ya damu ikapasuka, na jicho la kushoto likazidi kufifia hadi likawa halioni. Akaacha ndondi, akahamia jujitsu kwa mwaka mmoja au miwili. Habari hiyo aliificha kwa miaka mingi. Kwa mlenga shabaha wa bega la kulia, jicho la kushoto silo linalotazama kwenye bunduki, kwa hiyo aliweza kuwinda. Lakini jicho la kulia nalo lilikuwa la miwani tangu akiwa na miaka 13, na vumbi au mvua kwenye kioo ilitosha kumharibia.

Alibeba vitabu porini? Vilihimili vipi mvua na mchwa? — Mkutubi, Eastlands

Karibu juzuu 60. Dada yake Corinne ndiye aliyempa zawadi hiyo, na siri ya kuhimili ni jalada. Kila kitabu kilipunguzwa kingo na kujalidiwa upya kwa ngozi ya nguruwe. Jalada la kitambaa hulowa na kuvimba, gundi ikaachia, kurasa zikamwagika. Ngozi ya nguruwe ni ngumu, na kila ikisuguliwa na jasho na mafuta ya mkono huzidi kung'aa, kama tandiko la farasi. Vyote viliwekwa katika sanduku jepesi la alumini na turubai lenye mafuta, uzito usiozidi paundi 60, ili liwe mzigo wa mtu mmoja. Kitabu kimoja au viwili vilikaa daima kwenye mfuko wa tandiko au wa risasi, na alisoma popote, hata ameketi chini ya mti pembeni mwa mzoga akisubiri wachunaji. Damu, majivu na mafuta ya bunduki vilimwagikia kurasa. Leo vitabu hivyo vimetunzwa Chuo Kikuu cha Harvard, alikosoma.

Rafiki yangu anadai Roosevelt alifiwa na mke na mama siku moja. Naona kama hadithi za kutungwa. — Msomaji, South B

Si za kutungwa. Ni tarehe 14 Februari 1884, katika nyumba moja ya mtaa wa 57 Magharibi, New York.

Mkewe, Alice Lee, alikuwa amejifungua binti siku mbili kabla. Theodore, mbunge wa miaka 25, alikuwa Albany, kwenye bunge la jimbo la New York. Simu ya kwanza ya maandishi ilimpa hongera, ya pili ikamwita nyumbani haraka. Alifika usiku. Ghorofa moja mama yake, Martha, alikuwa anakata roho kwa homa ya matumbo, akiwa na miaka 48. Ghorofa nyingine mkewe, miaka 22, hakumtambua tena vizuri. Mama alifariki alfajiri, mke alasiri. Kilichomuua Alice ni ugonjwa wa figo ambao dalili zake, uvimbe na uchovu, zilidhaniwa kuwa za ujauzito. Ni kosa ambalo wakunga wa leo hulizuia kwa kupima mkojo na shinikizo la damu kila mama anapohudhuria kliniki.

Uchumba wao ulikuwa umetangazwa tarehe hiyohiyo, 14 Februari, miaka minne kabla. Katika shajara yake ya siku hiyo alichora alama kubwa ya X na chini yake mstari mmoja: nuru imetoka katika maisha yangu. Majeneza mawili yalizikwa kwa ibada moja. Mtoto akaitwa Alice kwa jina la mama yake, lakini baba hakuweza kulitamka. Alimwita "Baby Lee", akamwacha alelewe na shangazi yake Anna, naye akaenda kuchunga ng'ombe Dakota. Alipoandika habari za maisha yake mwaka 1913, hakumtaja mke huyo hata kwa neno moja.

Alioa tena London tarehe 2 Desemba 1886. Bibi harusi, Edith Kermit Carow, alikuwa rafiki yake wa utotoni. Wakapata Theodore mdogo (1887), Kermit (1889), Ethel (1891), Archie (1894) na Quentin (1897). Mkiuliza jina la Kermit lilitoka wapi, ni hapo: jina la kati la mama yake.

Farasi kwenye lifti ya Ikulu: kweli au uongo? — Darasa la 6, Kibera

Kweli, watoto wetu. Mwaka 1903 Archie aliugua surua na kulazwa ghorofani. Farasi wake mdogo aliitwa Algonquin. Quentin, aliyekuwa na miaka mitano tu, akisaidiwa na mhudumu wa farasi, alimwingiza Algonquin kwenye lifti na kumpandisha hadi chumbani kwa mgonjwa. Nyumba hiyo ilikuwa pia na melesi, mnyama anayefanana na nyegere, aitwaye Josiah, na dada yao mkubwa Alice alimfuga nyoka wa kijani asiye na sumu. Alimwita Emily Spinach: Emily kwa sababu alikuwa mwembamba kama mama mdogo wa jina hilo, Spinach kwa sababu ya rangi ya mchicha.

Alipigwa risasi kifuani akaendelea kuhutubia. Inawezekanaje? — Muuguzi, Embakasi

Inawezekana kwa sababu ya unene wa karatasi. Tarehe 14 Oktoba 1912 alikuwa Milwaukee akigombea urais tena kwa chama kipya. Alipokuwa amesimama garini nje ya hoteli akipungia watu kofia, John Schrank alimfyatulia bastola ya .38 kutoka karibu. Risasi iliingia kifua cha kulia, lakini kwanza ilipita mfuko wa koti, na mfukoni mlikuwa na vitu viwili: kasha la chuma la miwani, na hotuba ya kurasa 50 iliyokunjwa mara moja. Kurasa 50 zikikunjwa ni matabaka 100. Risasi ilipofika mwilini ilikuwa imepoteza nguvu nyingi, ikasimama kwenye ubavu bila kufika pafuni.

Kama muuguzi utapenda alichofanya baadaye. Hakukimbilia hospitali, ila alijikohoza kiganjani na kutazama. Mwindaji anajua kwamba mnyama aliyepigwa pafu hutoa damu yenye povu mdomoni. Kiganja chake kilikuwa kikavu, naye akaamua pafu ni zima. Akapanda jukwaani, akawaonyesha watu shati lenye damu na karatasi zenye matundu, akazungumza kwa karibu saa moja na nusu. Hatumshauri mtu amwige. Kiganja kikavu hakimwambii mtu kama damu inavujia ndani, na ubavu uliovunjika unaweza kutoboa pafu wakati wowote.

Baadaye picha ya eksirei ilionyesha risasi ilipo, na madaktari wakaiacha hapohapo maisha yake yote. Uamuzi huo ulikuwa wa busara. Rais McKinley, ambaye kifo chake ndicho kilichomfanya Roosevelt rais, alipigwa risasi ya tumbo tarehe 6 Septemba 1901, akapasuliwa, na kufa siku ya nane kwa jeraha lililooza.

Rais wa Marekani mwenye umri mdogo kuliko wote ni Kennedy au Roosevelt? Tunagombana kwenye kundi la chemshabongo. — Langata

Aliyeingia kazini akiwa mdogo kuliko wote ni Theodore Roosevelt, miaka 42, kwa kurithi kiti cha McKinley. Aliyechaguliwa kwa kura akiwa mdogo kuliko wote ni Kennedy, miaka 43. Someni swali linasema "kuwa rais" au "kuchaguliwa".

Nikitaka kuona alama zake hapa Nairobi na viungani, niende wapi? — Mwongoza watalii, Ngara

Alipokuwa mjini alikaa Chiromo, katika nyumba iliyokuwa ya mwenyeji wake William Northrup McMillan, Mmarekani wa St. Louis. Eneo hilo sasa ni kampasi ya Chuo Kikuu cha Nairobi. McMillan ndiye pia aliyemkaribisha kwenye shamba lake la Juja. Ukitoka mjini, nenda Kijabe: tarehe 4 Agosti 1909 Roosevelt aliweka jiwe la msingi la jengo la Kiambogo katika shule ya Rift Valley Academy. Ni shule inayofanya kazi, kwa hiyo omba ruhusa kabla ya kupeleka wageni.

Tafadhali usiwaambie wageni kwamba maktaba ya McMillan, ile yenye simba wawili wa mawe mlangoni, mtaa wa Banda, ni ya Roosevelt. Ilijengwa na mjane wa McMillan kumkumbuka mumewe na ikafunguliwa 1931, wakati Roosevelt alikuwa kaburini miaka 12. McMillan mwenyewe amelala mlima Ol Donyo Sabuk. Alitaka kuzikwa kileleni, lakini gari lililobeba jeneza lilishindwa mteremko, na kaburi likachimbwa lilipokwamia, chini ya kilele.

Yule kijana Bwana Maridadi aliishia wapi? Na ndugu zake? — Mstaafu, Karen

Wavulana wote wanne walikwenda vitani. Quentin, yule wa farasi, akawa rubani na kudunguliwa Ufaransa tarehe 14 Julai 1918, akiwa na miaka 20. Wajerumani walimzika kwa heshima za kijeshi. Baba yake hakuinuka sawasawa tena baada ya hapo. Alifariki usingizini tarehe 6 Januari 1919, na Archie akawapelekea ndugu zake simu ya maneno machache: simba mzee amekufa.

Kermit alimfuata baba yake hadi Brazil mwaka 1914, katika mto ambao haukuwa kwenye ramani na ambao karibu uwaue wote wawili. Alifariki Alaska mwaka 1943 akiwa jeshini. Theodore mdogo alishuka ufukwe wa Utah huko Normandy tarehe 6 Juni 1944, jenerali wa miaka 56 mwenye baridi yabisi, akitembelea mkongojo, katika wimbi la kwanza la askari. Moyo ulimsimama Julai 12. Mwaka 1955 mabaki ya Quentin yalihamishwa na kuzikwa ubavuni mwake. Archie aliumizwa goti katika vita vya kwanza, akaumizwa goti hilohilo katika vita vya pili, na akaishi hadi 1979.

Wa mwisho kuondoka ni yule mtoto wa Februari 1884, aliyezaliwa siku mbili kabla ya mama yake kufa. Alice Roosevelt Longworth alifariki Washington tarehe 20 Februari 1980, akiwa na miaka 96 na siku nane.